Hesabu za kijiji ni za nani?

Mkutano ulipangwa saa nne asubuhi. Tulikaa chini ya mwembe, wanaume upande huu, akina mama upande ule na vikapu vyao. Saa tano ikapita. Saa sita jua likahamisha kivuli, nasi tukahama nacho. Mwenyekiti na Mtendaji walifika karibu saa saba, wakati wengine wameshakwenda kuangalia ng'ombe.

Sitakitaja kijiji hicho. Kiko wilaya ya Butiama, lakini kingeweza kuwa cha Bunda au cha Musoma Vijijini, na msomaji asingeona tofauti.

Ajenda zilikuwa tatu: ulinzi, vyoo, na mchango mpya wa darasa. Ilipofika ya tatu, mzee mmoja akanyosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Ule mchango wa zamani wa darasa ulifikia wapi?"

"Mzee wangu, jambo hilo halimo kwenye ajenda ya leo."

"Sasa litakuwamo lini?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Mchango mpya ukapitishwa, mkutano ukafungwa.

Njiani nilitembea na yule mzee. "Sikatai kuchanga," akaniambia. "Nimechanga tangu enzi za TANU. Shule ile pale nilibeba mawe yake kwa mabega haya. Nataka kuambiwa tu. Mtu akichukua pesa yangu asiponiambia amefanyia nini, ananiona mimi mtoto."

Ndugu msomaji, maneno ya mzee huyu utayasikia kila mahali. Utayasikia mwaloni Musoma kwa mchuuzi wa dagaa anayelipa ushuru asijue unakwenda wapi. Utayasikia Bunda kwa mkulima wa pamba anayetazama karatasi ya makato. Watu hawakasiriki kwa sababu ya kutoa. Hasira yao inatokana na kutoa bila kupewa hesabu. Basi leo tuzungumze juu ya hesabu: ni ya nani, inasomwaje, na ukinyimwa ufanye nini.

KUWAJIBIKA NI NINI?

Neno hili tunalisikia sana redioni. Maana yake ni nyepesi. Uliyepewa kazi na watu, uwaeleze watu umeifanyaje. Ikiharibika, ubebe mzigo wake, hata kama siyo mkono wako ulioiharibu.

Nchi yetu ina mfano mkubwa wa jambo hili, tena wa hapa jirani. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ndugu Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu. Lakini waliofanya hayo walikuwa chini ya wizara yake. Januari 1977 akajiuzulu. Wala hakuharibikiwa, maana mwaka 1985 ndiye aliyekuwa Rais wa nchi.

Mwalimu Nyerere naye, mwana wa Butiama, alijua kusema "hapa tulikosea". Mwaka 1972 serikali ilifuta halmashauri za wilaya. Mwaka 1976 ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Mkulima akajikuta hana diwani wa kumwuliza wala chama chake cha kuuzia zao. Sheria za kurudisha vyombo hivyo zilitungwa mwaka 1982, na halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984. Mwaka huo huo wa 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu alikiri katika mahojiano na jarida moja la nje kwamba kuvifuta vyombo hivyo viwili lilikuwa kosa. Mimi nadhani hilo lilikuwa gumu kuliko hotuba zake nyingi. Mkubwa kusema nimekosea, na watoto wanasikia, si kazi rahisi hata nyumbani.

Tena tusidhani kuwajibika ni kwa pesa tu. Watu wa Kisorya wanaovuka kwenda Ukerewe wanajua. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika gati la Bwisya, kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kubeba watu wapatao 100. Waliokufa peke yao walizidi 220. Rais John Magufuli akaagiza waliohusika wakamatwe. Visiwani Zanzibar nako, Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba, nayo imejaa kupita kiasi. Kabla mwaka haujaisha, Julai 2012, ikazama nyingine, MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam. Mwezi huo huo waziri wa miundombinu wa Zanzibar, Ndugu Hamad Masoud Hamad, akajiuzulu.

Katika misiba kama hiyo swali la wananchi ni moja: nani alihesabu abiria? Kuhesabu watu wanaopanda ni kazi ya dakika chache. Isipofanywa, na asiwepo wa kuuliza mbona haikufanywa, watu wanakufa. Kwa hiyo anayeuliza hesabu asionekane mtu wa vijineno.

SHERIA IMEMPA NANI HAKI?

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 8, inasema mamlaka ya serikali yanatoka kwa wananchi, na kwamba serikali itawajibika kwa wananchi. Hayo ni ya nchi nzima. Ya kijijini yamo katika Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile Namba 7. (Kwa ndugu zetu wa Musoma mjini na Bunda mjini, sheria yao ni Namba 8 ya mwaka huo huo, na wao wana mitaa.)

Sheria inasema chombo kikubwa kijijini ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wewe. Ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamke kwa mwanamume, mwenye ng'ombe na asiye na kuku. Mkutano Mkuu ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yaani serikali ya kijiji, yenye watu 15 hadi 25. Mkutano huo huo una uwezo wa kuwaondoa. Unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo kwa mwaka ni mara nne. Hebu jiulize: mwaka uliopita kijijini kwako mlikutana mara ngapi?

Hapa kuna jambo moja linalochanganya wengi, nami nilichanganyikiwa nalo zamani. Mwenyekiti wa kijiji na Afisa Mtendaji wa Kijiji si kitu kimoja. Mwenyekiti amechaguliwa na ninyi, kwa miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji ameajiriwa na halmashauri ya wilaya. Huyo ndiye mwandishi wa mikutano na mtunza kumbukumbu. Mwenyekiti akiharibu, Mkutano Mkuu unaweza kumwondoa. Mtendaji akiharibu, Mkutano Mkuu hauwezi kumfukuza kazi, lakini unaweza kuandika malalamiko kwa mwajiri wake, ambaye ni Mkurugenzi wa Halmashauri. Mara nyingi watu wanamgombeza mmoja kwa kosa la mwingine, na wote wawili wanafurahi.

TUSOME HESABU PAMOJA

Sasa tuseme siku imefika, na taarifa ya mapato na matumizi imesomwa. Mtendaji anasoma haraka haraka kama anafukuzwa na mvua. Watu wanapiga makofi. Nini kimesomwa? Hakuna anayekumbuka.

Tuchukue mfano. Hesabu hizi nimezitunga mwenyewe, lakini zinafanana na zile ninazozisikia mikutanoni. Kijiji kina kaya 300. Kila kaya imetakiwa kutoa Sh 5,000 za darasa. Taarifa ya miezi mitatu inasema hivi:

Mapato. Salio la nyuma Sh 180,000. Michango ya darasa Sh 1,300,000. Ushuru wa gulio Sh 240,000. Faini Sh 60,000. Jumla Sh 1,780,000.

Matumizi. Mabati 20, Sh 700,000. Saruji mifuko 20, Sh 400,000. Fundi Sh 300,000. Usafiri na posho Sh 220,000. Mengineyo Sh 110,000. Jumla Sh 1,730,000. Salio Sh 50,000.

Ukijumlisha utaona hesabu imekubali. Wengi wanaishia hapo: "Imekubali, basi." Lakini hesabu kukubali si ushahidi kwamba kazi imefanyika. Hata mwongo anajua kujumlisha. Twende polepole, mstari kwa mstari.

Salio la nyuma ni Sh 180,000. Je, mkutano uliopita walisoma salio gani? Kama hukuandika, umeshapotea. Ndiyo maana nasema nenda na daftari. Daftari la mtoto lililobaki kurasa mbili linatosha. Andika tarehe, andika salio. Mara nyingi tundu liko hapo, kati ya mkutano na mkutano, maana husimama watu wachache sana wanaokumbuka.

Michango ni Sh 1,300,000. Gawa kwa 5,000, unapata kaya 260. Kijiji kina kaya 300. Kwa hiyo kaya 40 hazijatoa, au zimetoa na hazikuandikwa. Omba orodha isomwe. Kama jina lako halimo na stakabadhi unayo, swali lina jibu tayari. Na kama huna stakabadhi? Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Tunatoa pesa kwa mjumbe njiani, anaandika kwenye kipande cha karatasi ya sigara, tunashukuru. Hapana. Hakuna stakabadhi, hakuna pesa.

Mabati ni 20. Huhitaji kuwa karani. Nenda shuleni, simama, uyahesabu juu ya paa. Ukikuta 16, rudi uulize manne yako wapi. Huenda yamo stoo, na huenda yamo juu ya nyumba ya mtu. Bei nayo ni Sh 35,000 kwa bati moja. Uliza dukani mjini siku ukienda.

Usafiri na posho ni Sh 220,000. Nani alisafiri, kwenda wapi, siku ngapi? Pesa hii ni zaidi ya nusu ya saruji yote. Inawezekana ni halali. Lakini inahitaji maneno, siyo tarakimu peke yake.

Sasa lile neno "mengineyo". Mimi neno hili nalichukia. Katika nyumba yangu mke wangu hawezi kuniambia ametumia pesa ya unga kwa "mengineyo" nami nikanyamaza, wala mimi siwezi kumwambia yeye. Sh 110,000 zina majina. Yasomwe majina yake.

Salio la Sh 50,000 liko wapi? Liko benki, au liko mfukoni mwa mtu? Kama liko benki, karatasi ya benki ipo.

Na jambo la mwisho ni gumu kidogo, kwa sababu linahitaji uangalie kisichoandikwa. Tuseme miezi hiyo mitatu malori yalikuwa yanachota mchanga mtoni kila Jumamosi, nawe uliyaona. Katika mapato, neno mchanga halimo. Mtu anayesikiliza tu hawezi kuligundua hilo. Anayesoma na kulinganisha na aliyoyaona kwa macho yake, atagundua.

KARATASI UBAONI

Yaliyotokea Uganda nchi nyingi zimejifunza kwayo. Kati ya mwaka 1991 na 1995 serikali ya Uganda ilikuwa inatuma pesa kwa ajili ya shule za msingi, kwa hesabu ya kila mwanafunzi. Watafiti wakazifuata pesa hizo kutoka makao makuu hadi shuleni. Walikuta kwamba kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotumwa, shuleni zilifika shilingi 13 tu. Nyingine zilibaki njiani, katika ofisi za wilaya.

Serikali ikaanza kutangaza katika magazeti na redio ni pesa kiasi gani zimetumwa. Shule nazo zikatakiwa kubandika karatasi mahali pa wazi, zionyeshe zimepokea kiasi gani. Ilipofika mwaka 2001, katika kila shilingi 100 zaidi ya 80 zilikuwa zinafika. Wataalamu wanabishana kama karatasi peke yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo, maana kulikuwa na mabadiliko mengine pia. Hata hivyo pesa zilizojulikana kiasi chake zilikuwa ngumu kuibika kuliko zile zisizojulikana.

Karatasi ya ubaoni inamtaka mtu mmoja tu: yule anayesimama na kuisoma. Wewe uliyehitimu kisomo ndiye huyo. Nimeona mbao za matangazo vijijini zina tangazo la chanjo la mwaka juzi na kiota cha mavu. Kama ubao wa kijiji chako uko hivyo, anzeni na huo. Ombeni mkutanoni kwamba taarifa ikishasomwa ibandikwe pale, ikiwa na sahihi na mhuri.

"WATANIITA MKOROFI"

Najua. Ukiuliza utaitwa mkorofi, au utaambiwa umetumwa na chama fulani. Wengine wanaogopa kunyimwa barua ya Mtendaji siku mtoto akihitaji. Hofu hiyo ni ya kweli, wala sitamcheka mtu anayeiona.

Lakini kuna namna ya kuuliza. Usisimame ukasema "mmekula pesa zetu". Hujui bado kama zimeliwa, na ukikosea umemchafua mtu. Sema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba tusomewe stakabadhi za mabati." Kuuliza hivyo si kumwita mtu mwizi. Mwenyekiti mwaminifu atafurahi, maana atasafishwa mbele ya watu. Nao wapo waaminifu, tena wengi, wanaotuhumiwa bure kwa sababu tu hawakuzoea kusoma hesabu hadharani.

Pia msiulize mmoja mmoja. Mtu mmoja ni mkorofi. Watu 20 ni kijiji. Akina mama hasa, ambao ndio wanaotoa michango mingi na kusema machache, wakubaliane mapema nani ataanza. Na mkutano upangwe saa ambayo hawapo kisimani.

Wakikataa kabisa, andikeni barua. Maneno ya mdomo huliwa na upepo. Andikeni kwa Mtendaji wa Kijiji mkiomba taarifa, mbaki na nakala yenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Siku hizo zikipita, nakala ile iende kwa Mtendaji wa Kata na diwani, halafu kwa Mkurugenzi, ambaye ana mkaguzi wa ndani wa hesabu. Mkiona dalili za wizi wenyewe, wapo TAKUKURU. Simu yao ni 113, na haina malipo. Kama mtu anaonewa na ofisi kwa sababu aliuliza, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume hiyo ilichukua kazi ya ile ya zamani, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966, ambayo wazee wataikumbuka ikizunguka mikoani kusikiliza malalamiko.

Juu ya wote hao kuna Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Yeye hukagua halmashauri zote, na ripoti zake siku hizi hutolewa pia kwa Kiswahili. Mwombeni diwani awaletee kurasa zinazohusu halmashauri yenu. Ripoti kama hizo zina faida. Mikopo ya asilimia 10 inayotoka katika mapato ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, ilisimamishwa na serikali Aprili 2023 baada ya kuonekana vikundi hewa na pesa zisizorudishwa, kisha ikaanzishwa tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi hewa ni kikundi chenye jina na hakina watu. Sasa fikiria: kijijini ni nani asiyejua kama kikundi fulani kina watu au hakina? Wanakijiji wangeyasema mapema, kama orodha ingebandikwa.

Nilirudi katika kijiji kile miezi michache baadaye. Mwembe ule ule, na kuchelewa kule kule, ingawa safari hii ilikuwa saa sita. Yule mzee alikuwapo, amekaa mbele. Mtendaji akasoma taarifa. Alipotaja salio la nyuma, mama mmoja upande wa wanawake akasimama. Mkononi alikuwa na daftari, limekunjwa katikati.

"Ndugu Mtendaji," akasema, "mimi sikusoma sana, nimejifunzia kisomo. Lakini mkutano wa mwisho uliosoma hesabu niliandika hapa. Naomba nisome nilichoandika."

Akasoma tarehe. Akasoma tarakimu, polepole, akifuata kwa kidole. Haikuwa ile iliyosomwa na Mtendaji.

Kimya. Mwenyekiti akamtazama Mtendaji. Mtendaji akasema huenda kuna makosa ya uandishi, na kwamba faili liko ofisini, litaletwa mkutano ujao.

"Ofisi iko pale," mzee akasema, akaonyesha kwa fimbo. Ilikuwa hatua kama 100 hivi. "Tutangoja."

Mtendaji akainuka kwenda kulileta. Jua lilikuwa limeanza kuhamisha kivuli, nasi tukahama nacho. Hakuna aliyeondoka.